Kuni Hazina Risiti: Kubana matumizi ya moto na stima Migori na Homa Bay

Muulize mwenye nyumba yeyote mjini Migori au Homa Bay ametumia stima kiasi gani mwezi uliopita, naye atatoa simu akuonyeshe jumbe za tokeni: tarehe, shilingi alizolipa, yuniti alizopata. Muulize familia yake imechoma kuni kiasi gani katika mwezi huohuo, atabaki akikutazama. Kuni zililetwa, zikawashwa, zikaisha, zikaletwa nyingine. Nani anaandika kuni?

Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika kaunti hizi mbili za kusini mwa Nyanza mali inayopotea hivyo ni nyingi. Ushauri wa kubana matumizi ya nishati tunaousikia redioni huanzia kwenye swichi: zima taa, chomoa chaja, funga friji. Ni ushauri wa kweli, ila umetungiwa nyumba ambayo kila kitu kinategemea waya. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa asilimia 55.1 ya kaya za Kenya zilipika kwa kuni na asilimia 11.6 kwa makaa. Waliopikia umeme hawakufika hata asilimia moja. Huko Ndhiwa, Nyatike, Suba na Kuria, sehemu kubwa ya nishati inayoingia nyumbani haipiti kwenye mita. Hupita chini ya sufuria.

Nishati hizi mbili zinatofautiana pia kwa mlipaji. Stima hulipiwa kwa pesa, kupitia simu, na aghalabu anayelipa ndiye anayegombeza watu wazime taa. Kuni hulipiwa kwa mgongo na kwa saa za mama na mabinti, nao hawatumiwi ujumbe wa kuthibitisha malipo. Ndiyo maana balbu iliyosahauliwa sebuleni huzua kelele, huku moto uliosahauliwa jikoni ukiachwa uwake mpaka uishe wenyewe. Makala haya yanaanzia kwenye moto huo, kisha yaje kwenye tokeni.

Chini ya sufuria

Mafiga matatu yana sifa zake. Hayanunuliwi, hukubali sufuria ya ukubwa wowote, na hayachagui ukuni. Lakini joto lake hutawanyika pande zote. Katika matumizi ya kawaida, fungu moja tu kati ya saba hadi kumi ya nguvu iliyomo kwenye ukuni ndilo hufika kwenye chakula. Mafungu mengine yote hupasha hewa, mawe na miguu ya mpishi.

Juhudi za kulitibu tatizo hili zina historia ndefu nchini. Baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu uliofanyika Nairobi Agosti 1981, mafundi wa Kenya walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, wakalirekebisha hadi likawa lile jiko la makaa lenye bati nje na udongo uliochomwa ndani, ambalo leo liko karibu kila soko kutoka Oyugis hadi Isebania. Kwa wapikao kwa kuni likaja jiko la Upesi: kasha la udongo lenye mdomo mbele, linalojengewa kwa matope na mawe mahali palepale penye mafiga. Eneo la Nyanza lilikuwa mwenyeji wake wa asili, kwa kuwa ufinyanzi ni kazi ambayo wanawake wa Kiluo wameirithishana vizazi na vizazi. Likijengwa na kutumiwa vizuri, jiko hilo hupunguza kuni kwa thuluthi moja au zaidi ukililinganisha na mafiga.

Lakini jiko zuri mikononi mwa mtu asiyebadili mazoea hula kuni kama mafiga, na mafiga mikononi mwa mpishi makini hula kidogo kuliko unavyodhani. Tuanze na ukuni wenyewe. Ukuni uliokatwa juzi unaweza kuwa maji kwa karibu nusu ya uzani wake, na maji hayo lazima yachemke yaishe kabla ukuni haujatoa joto la maana. Moshi mzito unaowatoa watoto machozi ni dalili kuwa moto unapika ukuni kabla ya kupika ugali. Kupanga kuni chini ya paa au juu ya dari ya jiko wiki kadhaa kabla ya mvua ndefu za Machi hakugharimu hata shilingi. Kuzipasua ziwe nyembamba vilevile kunasaidia, kwa kuwa vipande vitatu vyembamba huwaka vizuri kuliko gogo moja linalofuka.

Halafu kuna kifuniko. Hapa fizikia ina neno. Kuchukua lita moja ya maji ya kawaida na kuyafikisha kwenye mchemko kunahitaji nguvu fulani. Kuyageuza maji hayohayo yote yawe mvuke kunahitaji nguvu hiyo mara saba. Kwa hiyo sufuria iliyo wazi inayotoa mvuke mfululizo inatupa hewani kuni nyingi kuliko zile zilizoifikisha kwenye mchemko. Tena maji yakishachemka hayaongezi joto hata ukiuchochea moto namna gani. Kwenye ufuo wa Homa Bay, ziwa likiwa takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi 96 na kubaki hapo. Moto mkali baada ya hapo hauivishi nyoyo, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, upesi. Unamaliza maji tu. Funika, vuta kuni mbili nje, acha moja. Na zile ulizovuta zizime kwa majivu au mchanga, zitawashia chai ya asubuhi.

Maharagwe, tumbaku na kapu

Hakuna chakula kinachokula kuni kama maharagwe na mahindi makavu. Nyoyo iliyoanza kuchemshwa bila kulowekwa inaweza kukaa motoni sehemu nzuri ya alasiri. Kuloweka usiku kucha hupunguza muda huo kwa kiasi kikubwa, na maji ya kulowekea yakimwagwa, tumbo pia hushukuru. Wapishi wengi hulijua hili. Kinachowashinda ni kukumbuka jioni, kabla ya kulala, kesho kutapikwa nini. Kubana matumizi hapa ni suala la kupanga mlo siku moja mbele.

Mbegu nayo ina mchango wake, na hapa Migori ina kisa cha kusimulia. Kwa miongo mingi kaunti hii ilijulikana kwa tumbaku. Majani yake hukaushwa kwa moto kwenye mabanda maalumu, na moto huo umekula miti mingi ya eneo hili. Mwaka 2022 mradi wa mashamba yasiyo na tumbaku, ulioendeshwa na serikali ya Kenya pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya, kilimo na chakula, ulianzia Migori kwa kuwapa wakulima mbegu za maharagwe yenye madini mengi ya chuma na kuwatafutia soko. Miongoni mwa maharagwe ya aina hiyo yaliyotolewa na watafiti wa KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, Nyota linasifiwa kwa kuiva haraka kuliko aina nyingi za zamani. Mkulima anayeacha tumbaku na kupanda harage la namna hiyo anaokoa kuni mara mbili: kwanza kwenye banda, kisha kwenye sufuria. Ukienda sokoni Rongo au Awendo, muulize muuzaji harage lipi huiva mapema kabla hujauliza bei ya gorogoro. Harage rahisi linalochemka saa tatu si rahisi.

Chombo kingine ambacho bado hakijaenea inavyostahili ni kapu la kuhifadhi joto. Kanuni yake ni ile ya chupa ya chai iliyo kwenye kila meza ya Kenya: joto likishaingia, lizuie lisitoke. Chukua kapu kubwa, litandike ndani kwa blanketi kuukuu, sufi au majani makavu ya mgomba, kisha weka nguo nene juu. Chakula kikishachemka kwa nguvu dakika kumi au kumi na tano, sufuria hutolewa motoni ikiwa imefunikwa, huingizwa kapuni, na kazi iliyobaki huendelea bila ukuni hata mmoja. Wali na ndizi hupenda sana njia hii. Maharagwe yaliyolowekwa yachemshwe zaidi kwanza, dakika thelathini au arobaini, na yakitoka kapuni yachemshwe tena kidogo kabla ya kuliwa. Mama anayekwenda shambani asubuhi anaweza kurudi akakuta chakula kimeiva, na hakuna mtoto aliyeachwa kuulinda moto.

Mboga za kienyeji zinataka mjadala wao. Osuga, dek na apoth, hasa zinapopikwa kwa maziwa, huchemshwa leo, zikapashwa kesho, na keshokutwa tena, mpaka zikolee. Ladha hiyo haiguswi. Atakayeigusa ataulizwa na nyanya zetu. Lakini si lazima kila mpasho uwashiwe moto wake. Chungu kikiwekwa mafigani mara tu ugali unapotolewa, makaa yaliyosalia yanatosha kukipasha.

Maji ya kunywa, maji ya kuoga

Kando ya ziwa, kuanzia Muhuru na Karungu hadi Mbita na Kendu Bay, kuni nyingi huenda kwenye maji. Kuchemsha mtungi wa lita 20 juu ya mafiga kunaweza kula kuni zipatazo kilo tatu, ukipiga hesabu ya joto linalohitajika na lile linalopotea. Kipindupindu si hadithi huku, kwa hiyo hakuna anayeshauri watu wanywe maji ghafi ili kuokoa kuni. Lakini klorini, iwe ya chupa au ya mtambo uliowekwa kisimani, huua vijidudu hivyo bila moto. Maji yakiwa na tope, yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, kisha weka dawa kwa kipimo kilichoandikwa. Kilo hizo tatu za kuni zinabaki.

Maji ya kuoga yana njia rahisi zaidi. Mtungi wa rangi nyeusi ukiwekwa juani tangu saa nne asubuhi juu ya mabati au ukutani upande wa magharibi, jioni una maji vuguvugu yanayotosha kuwaogesha watoto wote. Jua la Homa Bay lina nguvu. Linakausha omena wanaoenezwa kwenye nyavu ufuoni kwa siku moja tu kunapokuwa kweupe. Haliwezi kushindwa na mtungi.

Makaa na gesi

Mjini, watu wengi wamehama kuni bila kuzihama kweli. Makaa ni kuni zilizokwisha kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake porini: tanuri la udongo la kienyeji huchukua kilo tano hadi kumi za mti kutoa kilo moja ya makaa. Kwa hiyo kila gorogoro unalookoa mjini Homa Bay ni mti uliobaki kwenye vilima vya Gwassi au bonde la Lambwe. Marufuku ya kukata miti kwenye misitu ya umma, iliyodumu kuanzia Februari 2018 hadi Julai 2023, haikuzima biashara ya makaa. Ilipandisha bei tu. Aliyejua kubana matumizi ndiye aliyepumua.

Kubana makaa ni kupima. Weka makaa ya chakula unachopika, si ya kujaza jiko. Usianze kuwasha kabla vitunguu havijakatwa, maana jiko lililokolea halimsubiri mpishi. Ukimaliza, ziba mlango wa majivu na funika juu kwa sufuria kuukuu. Yaliyobaki yatazimika na kesho yatawaka upesi. Usiyamwagie maji, utayaua. Na usilale na jiko chumbani hata likionekana limezimika. Hewa yake huua bila harufu.

Gesi, hasa ule mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu ambao vijana huuita meko, imeingia vyumba vingi vya kupanga Migori na Rongo. Kodi ya ongezeko la thamani juu yake imepanda na kushuka: ilirejeshwa kwa asilimia 16 mwaka 2021, ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, ikaondolewa mwaka 2023. Mpishi hana usemi kwenye kodi, lakini ana usemi kwenye kitasa. Ndimi za moto zinazopanda kando ya sufuria zinapasha ukuta. Moto wa njano unaoacha masizi unaonyesha kichomeo kimeziba, na gesi inaungua vibaya. Chakula kinachotaka saa mbili kipikwe jikoni kwa kuni au makaa. Gesi iachiwe chai, mayai na mboga za haraka. Hivyo ndivyo wengi wanavyoufanya mtungi mmoja uvuke miezi miwili.

Yuniti thelathini, yuniti mia

Sasa twende kwenye stima. Bei zilizotangazwa na EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati na petroli, na kuanza Aprili 2023 ziliwagawa wateja wa nyumbani katika makundi matatu: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, wanaozidi 30 hadi 100, na wanaopita 100. Kampuni ya Kenya Power huangalia wastani wa miezi mitatu kukupanga kundi. Wanaoielewa hesabu hii ni wachache: ukivuka mpaka, bei inayopanda si ya yuniti ya 31 tu. Unahamia kundi jingine, na kila yuniti unayonunua inapanda. Juu yake huongezwa gharama ya mafuta ya mitambo, mabadiliko ya fedha za kigeni, tozo ya stima vijijini na VAT ya asilimia 16. Ndiyo maana jirani wawili wanaweza kulipa shilingi sawa na kupata yuniti tofauti, wakadhani mmoja wao kaibiwa.

Kwa nyumba iliyo karibu na mpaka, tabia ndogo zina uzito kuliko kwa tajiri. Chukua dekoda. Ikiachwa kwenye plagi, taa yake nyekundu ikiwaka, dekoda ya kawaida inaweza kula wati 10 mchana na usiku. Kwa mwezi hizo ni yuniti 7, karibu robo ya zile 30, na hakuna aliyetazama chochote. Wufa iliyo pembeni yake nayo inakula yake. Kuzima kwenye ukuta, wala si kwa rimoti, kunarudisha yuniti hizo zote.

Chukua balbu. Balbu nne za zamani za wati 60 zikiwaka saa nne kila usiku humaliza yuniti 28 na ushei kwa mwezi. Peke yake zimekufikisha ukingoni. LED za wati 9 zinazotoa mwanga uleule hutumia yuniti 4 na kidogo. Ile taa ya usalama ya nje, ambayo katika nyumba nyingi huonekana ingali inawaka saa tatu asubuhi, ikiwa ni ya wati 60 hula zaidi ya yuniti 21 kwa mwezi hata ikizimwa alfajiri kila siku. Ukinunua balbu moja tu ya LED mwezi huu, anza na hiyo ya nje.

Kuna vifaa ambavyo tabia ndogo haiviwezi bila maamuzi. Shawa ya umeme ya papo kwa papo huvuta karibu wati 5,000. Dakika kumi ni yuniti 0.8; watu wanne wakioga hivyo kila siku, mwezi unaisha na yuniti 100 za kuoga tu. Kupunguza hadi dakika nne, au kuoga kwa maji yaliyopashwa na jua, ndiyo tofauti kati ya kundi la pili na la tatu. Friji nayo, hata ndogo, hutumia takriban nusu yuniti hadi moja kwa siku. Isimame kiganja mbali na ukuta, isitiwe sufuria ya moto, na mpira wa mlango ukaguliwe: bana karatasi mlangoni, ukiivuta ikatoka bila kushikwa, baridi inavuja. Pasi ya wati 1,000 hula yuniti moja kwa saa, na sehemu ya hiyo ni kuipasha tu. Sare zote za wiki zinyooshwe kwa mkupuo mmoja Jumapili.

Mita moja, milango minane

Tabia nzuri zina adui mmoja mkubwa: mita ya pamoja. Katika ploti nyingi za Migori, Awendo na pembezoni mwa vyuo vikuu vya Rongo na Tom Mboya, vyumba vinane au kumi hutumia mita moja. Kila mpangaji, akipimwa peke yake, huenda anatumia yuniti 20 na angestahili bei ya chini kabisa. Wakijumlishwa, ploti imefika 160 au 200 na wote wanalipa bei ya juu. Mwenye LED na mwenye koili ya kuchemshia maji wanachanga sawasawa, kwa hiyo hakuna anayeona faida ya kuzima. Pale stima ilipotiwa ndani ya kodi ya nyumba mambo huwa mabaya zaidi: koili huwaka mpaka maji yakauke ndooni.

Dawa ya hili iko mikononi mwa mwenye ploti kuliko ya mpangaji. Mita ndogo kwa kila mlango, hata kama ya pamoja inabaki pale nje, hufanya kila mtu alipe alichotumia. Mita kamili kwa kila chumba, iliyosajiliwa na kampuni ya umeme, humrudishia kila mtu haki yake ya kundi la bei. Wapangaji wakati mwingine huogopa kuuliza. Waulize, tena pamoja. Ni swali la hesabu, si la ugomvi.

Rusinga na masomo ya paneli ndogo

Watu wa visiwani walijifunza kubana stima kabla ya wa bara kwa sababu hawakuwa nayo. Kisiwa cha Mfangano hata kilipopata stima, ilikuwa ya jenereta za dizeli. Juu ya maji, wavuvi wa omena walivutia samaki usiku kwa karabai zilizokunywa mafuta ya taa, na sehemu ya faida ya kila safari iliungulia ndani ya utambi. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilianzisha Mbita kituo cha kuchajia taa kwa nguvu za jua ili kuziondoa karabai hizo. Leo taa za LED za betri ni jambo la kawaida ziwani.

Kisiwa cha Rusinga kilitoa somo kubwa zaidi. Kati ya 2012 na 2015, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi, kiliweka kwenye nyumba zaidi ya 4,000 za kisiwa hicho mitego ya mbu inayoendeshwa kwa sola. Paneli moja juu ya paa iliendesha mtego usiku, ikawasha taa mbili na kuchaji simu. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2016 yalionyesha maambukizi ya malaria yalikuwa pungufu kwa asilimia 29.8 katika nyumba zilizokuwa na mitego. Kwa mada yetu, tazama udogo wa mtambo. Feni ya mtego, taa mbili na simu viliendeshwa na paneli ndogo kwa sababu kila kifaa kilichaguliwa kiwe cha kula kidogo.

Wengi leo wana sola za kulipia kidogo kidogo kwa simu, biashara ambayo M-KOPA iliipa nguvu kuanzia 2012. Mazoea yake ni machache. Chaji simu adhuhuri jua likiwa juu, ili betri ibaki na akiba ya usiku. Futa vumbi kwenye paneli, hasa kiangazi na kando ya barabara za murramu. Kata tawi la mwembe linaloitia kivuli. Kivuli cha tawi moja kinaweza kupunguza nguvu ya paneli nzima. Na betri isimalizwe hadi taa zizime zenyewe kila usiku, maana betri inayokaushwa hivyo haizeeki, inakufa.

Nyumba yenyewe pia inaweza kupunguza mahitaji. Bati moja linalopitisha mwanga huondoa taa ya mchana. Ukuta uliopakwa chokaa huangaza chumba kwa balbu moja badala ya mbili. Dapi, ule mtungi wa udongo unaotoa jasho, hupoza maji ya kunywa bila waya.

Daftari liwe moja

Ukiyapanga yote haya kwa faida, orodha haianzi na swichi. Katika nyumba nyingi za Migori na Homa Bay, kifuniko, kuni kavu na maharagwe yaliyolowekwa vinaokoa nishati nyingi kuliko kuzima kila balbu. Tatizo ni kwamba akiba ya stima huonekana kwenye simu na ya kuni haionekani popote. Anayezima dekoda anabaki na shilingi mfukoni. Anayefunika sufuria anabaki na saa moja, nayo saa hiyo humezwa na kazi nyingine kabla hajaiona.

Basi familia iandike vyote. Kwa wiki moja tu, andikeni kwenye ukurasa mmoja yuniti zilizosomwa kwenye mita na idadi ya mizigo ya kuni iliyoletwa, pamoja na saa zilizotumika kuileta na jina la aliyekwenda. Wiki ya pili jaribuni mambo matatu tu kati ya yaliyotajwa hapa, kisha linganisheni. Mkiona dekoda na taa ya nje vimerudisha pesa, pesa hiyo isipotelee kwenye bando: inunue kasha la jiko la Upesi. Aliyebana kwenye swichi atakuwa amempunguzia mzigo aliyekuwa akibeba kuni, na wa kuthibitisha hilo ni daftari lenyewe, kwenye safu ya saa na ya majina.